Eda Iliyopanda Punda

Damu haina adabu. Neno hilo nililisikia kinywani mwa Bi Nesi mara nyingi kuliko salamu. Alilisema akivua viatu mlangoni mwa watu, alilisema akiwa juu ya punda wangu, na siku moja alimwambia neno hilo mzee wa heshima kabisa, mtu wa joho na bakora, aliyesimama mlangoni akitaka waulizane kwanza hali za nyumbani kama ilivyo dasturi yetu. Ndani, mjukuu wa mzee yule amejikata mguu kwa panga akifua nazi, anavuja. Bi Nesi akampita mzee ubavuni. "Damu haina adabu, bwana wangu. Nipishe, kisha nitakuamkia." Na kweli, alipokwisha kumfunga mjukuu alirudi palepale mlangoni akamwamkia mzee kwa unyenyekevu wote, akamuuliza hali ya kila mtu wa nyumba ile mpaka kuku.

Bi Nesi ni jina tulilompa sisi watu wa Langoni, mtaa wetu wa mji wa Amu. Lake la kuzaliwa analo, na ukoo wake uko, lakini mimi nauacha. Amu ukianza kutaja ukoo wa mtu hufiki mwisho, na kila jina utakalolisahau lina mjukuu wake atakayekuja kukugombeza barazani.

Miaka ile ya hamsini bara kulikuwa na Hali ya Hatari, na sisi huku tulikuwa tukiisikia kwa redio ya mkahawani. Hospitali ilikuwapo, na daktari alikuwapo, mtu mwema, sina la kumsema. Lakini hospitali hukaa mahali pamoja, na watu hawavunjikii miguu mlangoni pa hospitali. Tena zama zile mwanamke wa heshima hatoki mchana ovyo, na mwanamume mgeni haingii ndani. Baina ya mwanamke asiyetoka na daktari asiyeingia, hapo ndipo aliposimama yeye. Alifunzwa Mombasa, akarudi na begi na viatu vyeupe vya raba, akawa anakwenda majumbani kufunga vidonda, kuwatazama wanawake waliozaa na watoto wachanga. Kazi aliyoandikiwa na serikali ni hiyo. Lakini mtu akianguka mnazi, akiungua kwa mafuta ya kukaangia, akigongwa na boriti, nani atamuuliza kazi aliyoandikiwa? Aliitwa yeye kwanza. Wengine walifuata, kama walifuata.

Mimi nilikuwa na punda. Nilikuwa nikiwabebea mafundi chokaa na mawe, na punda wangu mmoja, jike, mtulivu, hakushtuka kwa kelele wala kwa harufu ya damu. Huyo ndiye aliyekuwa akimchukua Bi Nesi njia za mashambani. Nitasema kitu watu hawakijui kuhusu punda: hapendi mtu anayempanda kwa woga. Bi Nesi alimpanda kama anayekaa kitandani kwake, upande, begi mapajani, akimsimulia habari za mgonjwa anayekwenda kumtazama. Mimi niliyetangulia na kamba alinisahau. Nilijua siri za wanawake wa nusu ya kisiwa kwa sababu aliambiwa punda. Sikupata kuzitoa, na punda pia hakuzitoa.

Hakutoka bila kikuba. Wanawake wengine huvaa kikuba arusini; yeye alikivaa akienda kupasua jipu. Asumini, rehani na kipande cha mkadi, amekibana kifuani ndani ya buibui, ukajua amepita kichochoroni hata kama hukumwona. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajipamba kwenda kwa mgonjwa. Akasema mgonjwa akinusa dawa hufikiri kifo, akinusa asumini hukumbuka arusi, na mtu anayekumbuka arusi bado ana haja na dunia. Nikamwambia mimi nikikumbuka arusi yangu nakumbuka viatu vilivyonibana. Akacheka mpaka punda akasimama kungoja amalize.

Mambo yake hayakulingana. Aliwakataza watu kutema mate ovyo, akawafukuza wanaume mabarazani kwa hilo, na yeye mwenyewe akitafuna tambuu kama mbuzi. Kopo lake la kutemea alilibeba ndani ya begi pamoja na bendeji. Aliwachoma sindano watu wa visiwa vyote, wakubwa kwa wadogo, akiwaambia ni kama kuumwa na mbu, na siku alipopata homa yeye na daktari akatoa sindano, alikimbia. Nasema alikimbia, mwanamke mtu mzima, akajifungia chooni, akaomba apewe vidonge kupitia chini ya mlango. Na bahari aliiogopa. Mtu aliyezaliwa kisiwani! Akitia mguu mashuani hufumba macho, huanza kusoma dua, na kabla mashua haijatoka amekwisha kutapika. Lakini akiitwa kisiwa cha Pate alikwenda. Alikuwa akisema kutapika si maradhi, ni kelele tu za tumbo.

Mumewe alikuwa fundi wa milango, mtu mkimya hata watu wakasema ameoa redio. Alikuwa akimngoja. Nilimwona mara nyingi tukirudi kutoka mashambani, amekaa kwenye baraza ya nyumba yao, kipande cha mti mkononi anakichonga bila haja. Mkewe akishuka, huinuka, huchukua begi, huingia nalo ndani. Hakuna neno. Siku moja nilimtania, nikamwambia, Bwana Fundi, mkeo watu wanakula faida yake wewe wapata mizigo. Akanitazama, akasema, "Begi ni jepesi." Basi. Miaka yote ile sikumbuki kunena naye zaidi ya hapo.

Bwana Fundi alikufa Bi Nesi akiwa Siyu.

Safari ile ya Siyu, huko Pate, nilikuwapo. Nilikuwa nakwenda kununua ngozi za matandiko ya punda, maana ngozi ya Siyu haina mfano. Yeye alikuwa ameitwa kwa mkulima mmoja aliyepigwa mwiba na samaki taa akivuka kijito, mguu umevimba kama mtungi. Maji yalikuwa yametoka, mashua ikakwama mbali, tukashuka tukatembea matopeni, Bi Nesi viatu vya raba mkononi, uso wa kijani kwa kutapika. Kufika, tukamkuta mwalimu wa chuo cha Kurani amekaa na sahani, anaandika aya za kombe kwa zafarani, zioshwe mgonjwa anywe. Bi Nesi akaomba maji ya moto, ya moto kweli. Ndugu wa mgonjwa wakaanza kunong'ona: kombe kwanza au maji kwanza? Akawaambia, "Kombe linywewe, na mguu utiwe mai ya moto. Kinywa na mguu havigombani." Mwalimu wa chuo akacheka, akasema huyu mwanamke amesoma. Mgonjwa akanywa kombe mguu wake uko ndani ya sufuria, na kilio kikapungua. Lakini kidonda hakikumpendeza Bi Nesi, akasema hatorudi siku ile, anataka akione kesho. Akalala Siyu.

Tuliporudi na kufika gatini Amu, hapana aliyemwambia. Wachukuzi waliacha zogo lao. Mzee mmoja wa samaki, ambaye hakuna siku hakumtania kuhusu kutapika, aligeuza uso akatazama kapu. Bi Nesi akasimama na begi lake, akawatazama mmoja mmoja. Akaniuliza mimi, "Nani?" Nikamwambia sijui, na sikuwa nikijua. Tukapanda kichochoro cha kwao tukakutana na wanaume wanarudi makaburini, miguu ina mchanga.

Kifua kilimshika mumewe alfajiri. Mkewe ndiye angeitwa. Mke wangu Esha alikuwa matangani, na aliyoyaona kule ndani ndiyo ninayoyasema. Wifi yake Bi Nesi, Bi Zena, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, alimwambia mbele ya wanawake wote, "Visiwa vyote vilikupata. Ila yeye."  Bi Nesi akavua viatu vya raba, akalisukuma begi mvunguni, akavaa nyeupe. Kisha akaapa, wanawake wakisikia, kwamba eda hii ataikaa siku zote mpaka itimie na kizingiti hatokivuka, hata nyumba ikiwaka moto. "Nalimwata yu hai," akasema kwa Kiamu chetu, yaani alimwacha. "Sitamwata kaburini."

Kwa asiyejua, eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Hutoki, hujipambi, hutii manukato, hukai na mwanamume asiye maharimu wako, yaani anayeweza kukuoa. Zama zile ilishikwa kwa nguvu, na nyumba ya eda ilipitwa kwa sauti ya chini kama msikitini. Hospitali ilimpa ruhusa yake, na mahali pake hapakuwekwa mtu.

Na sisi watu wa Langoni tukafanya jambo ambalo naona ni sisi tu tungelifanya. Tulimheshimu. Mwanamke aliyeungua kwa uji alipitishwa kichochoro cha mbali ili Bi Nesi asisikie akilia. Mtoto aliyemeza sarafu alifungwa kanga mdomoni mpaka alipopitishwa mtaa ule. Mwenye eda hapelekewi habari ya kumsumbua. Hayo ndiyo malezi yetu. Tukawa tunaumia kimya, tunajisifu kwa adabu zetu, na yeye huko ndani akidhani Amu yote imepona.

Esha wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao ni Kipungani, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, na mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwa mamake kuzaa. Basi nilimpeleka mwenyewe kwa punda, nikamwacha na mamake, anasuka mkeka huku amenyoosha miguu, nikarudi mjini kwenye chokaa yangu. Nilimwambia Bi Nesi kitu? Sikumwambia. Nani alikuwa akimwambia kitu?

Asubuhi moja jua limekwisha kupanda ukutani, napita na punda chokaa mgongoni, nikamwona shemeji yangu Shee amekaa kwenye baraza ya Bi Nesi. Shee ni kaka wa Esha, mtu mzima mwenye ndevu, mpole, mpole wa kutia hasira. Kando yake kikombe cha kahawa kimekwisha nywewa. Nikamuuliza amekalia nini hapa.

"Nangoja mlango ufunguliwe."

"Esha je?"

Akatazama vidole vya miguu yake. Akasema Esha amezaa usiku, mtoto mzima, lakini kondo la nyuma halikutoka na damu haikatiki. Mkunga wa Kipungani amesema hapa mimi nimefika mwisho, mleteni Bi Nesi. Shee akatoka baada ya sala ya alfajiri, akaja mbio. Akapiga hodi. Bi Zena alipofungua, Shee aliona haya kumtajia mwanamke asiyemjua mambo ya uzazi wa dada yake. Akasema kuna maradhi nyumbani. Bi Zena akampa pole, akampa kahawa, akamwambia wifi yake yuko edani, aende hospitali. Akaenda. Daktari amevuka bahari kwenda Faza. Akarudi. Na kupiga hodi mara ya pili kwenye nyumba ya eda aliona ni utovu wa adabu, basi akakaa.

Sikumpiga. Wallahi mkono ulitaka. Niliutumia kuugonga mlango.

Bi Zena akafungua kipande. Akaniambia kwa ile sauti yake ndogo nisigonge nyumba ya eda kama ninayegonga debe. Nikamwambia mke wangu anakwisha damu. Akaniangalia, na nitasema kweli, macho yake yaliingia maji. Lakini akasema, "Ameapa, Athmani. Ameapa kwa ndugu yangu. Ntamwambiaje avunde?"

Ndani sauti ikauliza, "Nani huyo, wifi?"

Bi Zena akajibu bila kugeuza kichwa, "Mtu wa chokaa. Amekosa nyumba."

Alikuwa anamficha kwa mapenzi, nilijua hata wakati ule. Lakini mapenzi hayo yalikuwa yanamuua Esha. Nikatia kichwa baina ya mlango na fremu, nikapaza sauti, mimi mwanamume, ndani ya nyumba ya mwenye eda. Nikasema mimi Athmani wa punda, Esha amezaa Kipungani, kondo liko ndani, damu tangu usiku.

 Nikafikiri hatokuja, na kama asingekuja, nani angemlaumu? Kisha nikasikia begi likivutwa kutoka mvunguni.

Bi Zena akanifungia mlango usoni. Yaliyofuata niliyasikia kwa kuuegemea ule mlango, na Shee kando yangu anatia vidole masikioni kwa adabu.

"Uliapa."

"Naliapa."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, wifi, nami sitoki edani. Naenda na eda yangu, nyeupe yangu hii hii. Sitii manukato, sinenani na mtu, sionwi."

"Eda haiendi ndiani."

"Yeo itapanda punda."

Mimi nikawa nahesabu damu ya mke wangu. Kisha nikasikia kasha linafunguliwa, lile kubwa la misumari ya shaba, bawaba zinalia. Mlango ulipofunguka ulifunguka wote, na kitu kilichotoka sikuwa nimekiona tangu utotoni.

Ilikuwa shiraa. Vijana hawaijui. Kabla ya buibui, mabibi wakubwa wa Amu wakitoka walifunikwa na nguo kubwa iliyoinuliwa kwa miti miwili, kama hema linalotembea, wachukuzi wameshika miti na bibi ndani haonekani. Ilikuwa imeachwa zamani. Hii ilikuwa ya mama yake Bi Zena na Bwana Fundi, imekaa kashani na udi, imetobolewa na wadudu hapa na pale. Bi Zena alivaa buibui lake, akashika mti mmoja. Mti wa pili ulishikwa na mkono wa nguo nyeupe kutoka ndani, Bi Nesi mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuushika.

Nilimwaga chokaa ya watu palepale njiani. Bi Nesi akaniambia kutoka ndani ya nguo, "Athmani, tangulia. Usigeuke. Usininenee ila nikuulize." Nikashika kamba, nikatazama mbele, nikamsikia akipanda punda.

Basi tukatoka mjini namna hiyo, mchana kweupe: Shee mbele anakimbia kupeleka habari, mimi na kamba, punda, na juu ya punda hema la bibi wa zamani linayumba, Bi Zena akilishika upande mmoja. Wanaume mabarazani walinyamaza. Mmoja mmoja wakageuza nyuso ukutani. Hakuna aliyewaambia, waligeuka wenyewe. Nikafikiri Bi Zena atarudi nyumba zikiisha. Nyumba ziliisha, tukaingia mashambani, mchanga ukawa wa moto, naye yuko, namsikia anahema na kumgombeza punda kwa majina ambayo sikujua anayajua.

Sikugeuka. Hilo ndilo jambo gumu nililopata kulifanya, kuliko kubeba jiwe lolote. Sikujua kama amelia, kama amechoka, kama nguo imeanguka. Aliniuliza neno moja tu njia nzima, kama Shee alimwacha Esha akinena au kimya. Nikamwambia akinena. Akasema, "Alhamdulillahi, hima basi," nasi tukahimiza.

Kipungani wanaume walisogezwa mbali, chini ya paa la mashua. Mimi nikakaa nao. Mmoja aliendelea kupiga kalafati, kuziba nyufa za mashua kwa pamba, kwa sababu hakujua la kunifanyia, na mlio ule wa nyundo mpaka leo sipendi kuusikia. Yaliyotokea ndani nilihadithiwa na mamake Esha: Bi Nesi aliingia akiwa na ile nyeupe, akanawa mpaka viwikoni, akamweka mtoto titini mwa mamake, akamchoma Esha sindano, akamkanda tumbo, akisema naye taratibu. Kisha akasoma Bismillahi akatia mkono. Bi Zena ndiye aliyeshika kichwa cha Esha. Mtu ambaye asubuhi alikuwa amefunga mlango.

Sauti ikanijia kutoka nyuma ya ukuta wa makuti. "Athmani. Mkeo yuhai. Mwana ni wa kike. Na usilie huko nde, waniharibia kazi."

Alasiri vijana wa Kipungani walimbeba Esha mpaka mjini juu ya kitanda cha kamba, alazwe hospitali, na Bi Nesi akarudi kama alivyokuja, hema juu, mimi mbele, sigeuki. Esha alikaa miezi mpaka kupata nguvu. Lakini alizipata.

Maneno yalisemwa, maana Amu maneno hayalali. Kwamba eda imevunjika, kwamba imechezewa. Sheikh mmoja aliyeheshimiwa alisimama barazani akasema mwenye eda aliyetoka kwa kuokoa roho hajavunja kitu, na anayemsema ajitazame yeye. Maneno yakapungua. Lakini jambo moja hakuna aliyelielewa. Siku zake zilipotimia, wanawake wakaenda na udi na asumini kumtoa edani kama ilivyo, Bi Nesi akawashukuru, akasema bado. Akazidisha siku. Hakuna sheria inayotaka hivyo. Wengine wakadhani Bi Zena amemlazimisha. Bi Zena akasema, mimi nimemwambia atoke na hataki. Alipotosheka yeye mwenyewe, akatoka asubuhi moja, kikuba kifuani, viatu vya raba vimepakwa chaki, akauliza ni akina nani waliokufa bila kumwambia. Akatugombeza mtaa mzima. Akarudi kazini, akaifanya mpaka serikali ilipomstaafisha, na baada ya hapo akaendelea kuitwa na kwenda, kwa kuwa hakuna aliyeiambia miguu na matumbo ya watu kwamba amestaafu.

Mara ya mwisho nilimwona juzi juzi tu, yaani miaka kadhaa sasa. Kwangu mimi yote hiyo ni juzi. Nilikuwa nimempelekea mkeka, kazi ya Esha, ambaye magoti yake siku hizi hayapandi vichochoro. Nikamkuta Bi Nesi amekaa kitandani, mdogo, macho yameingia ukungu, kikuba kiko. Chumba cha pili, pazia limeteremshwa, Bi Zena amelala. Alikuwa mzee sana kwa wakati ule, haondoki kitandani, na wifi yake ndiye aliyekuwa akimwosha na kumlisha. Walikuwa wameishi pamoja muda wote ule, wajane wawili, wakigombana kuhusu chumvi.

Akaupapasa mkeka, akausifu. Akamuuliza Esha na binti yetu na wana wa binti yetu, kwa utaratibu, kila mmoja. Na mimi, kwa kuwa nimezeeka na mzee huuliza, nikamuuliza kwa nini zama zile alizidisha siku za eda.

Akatafuna kidogo, kitu ambacho hakikuwamo kinywani.

"Athmani," akasema, "nalifurahi."

Sikumfahamu.

"Siku ile ya Kipungani. Nalikuwa nimefungwa humu na kifo cha mume wangu, usiku na mchana, nikijiambia ni mimi nliomwata afe peke yake. Kisha we ukapiga kelele mlangoni. Nalipokaa yuu ya punda, upepo ukaingia tini ya nguo, nikasikia mtu apiga mti shambani, nikasikia kuku. Nikafurahi. Esha afa, mume wangu yu mtangani, kaburini, na mimi natabasamu mle ndani kama bibi arusi. Nalimsahau. Ndia yote ile nalimsahau. Siku nlizozidisha zalikuwa za hilo."

Nilitaka kusema kitu. Lakini mimi ni mtu wa chokaa, maneno mazuri huja nikiwa nimekwisha fika nyumbani.  Akaniambia nisije nikamwambia Bi Zena, yule ni dada wa marehemu, itamuumiza.

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

"Nalijua," sauti ndogo ikasema. "Mimi nalishika mti. Shiraa ile ina matundu, wee mwanamke. Nalikuona meno."

Bi Nesi akashika kifua chake, pale penye kikuba.  Nadhani alikuwa anangoja ahukumiwe, na amengoja miaka yote hiyo.

"Mbona hukuniambia?" akauliza mwishowe.

 Kisha Bi Zena akasema, kwa uzito, kama mtu anayetoa ushahidi:

"Ningekuambiaje? Sikuwa nimekanyaga mtanga wa shamba tangu kuolewa kwangu. Nilivua makubadhi, nikayatia kwapani. Unafikiri kwa nini sikurudi nyumba zilipokwisha?  Nami pia nalifurahi."

Na vikongwe wale wakaanza kucheka, mmoja huku na mmoja kule, pazia katikati, wanacheka na kulia pamoja, wananitajia jina la marehemu na kusema Mungu amrehemu, angalicheka na yeye, mtu yule asiyecheka. Sikuwa na pa kutia uso wangu. Niliinuka, nikaaga, hapana aliyenisikia, nikautandaza ule mkeka wa Esha vizuri miguuni pa Bi Nesi, nikatoka.